Punje Tisa

Kichupa cha kifuniko cha zambarau
kimefika saa nne kasorobo, bado kina vuguvugu la mkono wake.
Nimekiandika kwa wino usiofutika: Ndeanasia Shayo, miaka 67, Uru.
Titi la kushoto. Lilitolewa mwaka juzi, kabla ya vuli.

Mililita saba na nusu. Ukizimimina
hazijazi kikombe cha kahawa ya kijiweni.
Humo ndani chembe nyekundu hazina idadi,
nyeupe ni umati wa Kiboriloni siku ya mnada,
na mimi natafuta wachache
wanaopita sokoni bila kununua wala kuuza,
waliotoka kwenye uvimbe usiku, hawakuaga,
wanatafuta kihamba kingine:
mfupa, ini, pafu.

Nilikulia kando ya mfongo. Najua
maji hayachagui mzigo.
Gugu likikomaa kwa jirani wa juu
mbegu zake hushuka na zamu yetu ya maji,
hupita migombani, huvuka mpaka wa masale bila hodi.
Nyingi huoza njiani.
Moja hukwama topeni, penye kivuli,
ikangoja.
Baba aling'oa shina, akafurahi.
Mama alikwenda kuyatazama maji.

Basi nayatazama.
Vumbi la chuma, laini kuliko unga wa ulezi,
linazinasa kwa ngozi zao; sumaku inazivutia ukutani,
zilizobaki zinaoshwa, zinakwenda zake.
Kisha rangi. Kisha giza la chumba. Kisha jicho.
Umeme ulikatika mara mbili. Jenereta ilikohoa
nami nimekumbatia kichupa
kama niliyeazimwa yai.

Tisa.
Niliandika tisa. Ilikuwa Machi, kabla ya dawa.

Alikuja kuchukua majibu, hakuvua sweta,
akauliza kwa sauti ya kushindana na mashine:
"Mmechambua, mmepata ngapi?"

Miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya buni,
kiwandani, huku chini karibu na reli,
vidole vikikimbia mbele ya macho.
"Sisi hatukulipwa kwa punje njema," akasema.
"Ile nyeusi, ile iliyotobolewa na mdudu,
ile iliyochacha ndani na nje inang'aa,
ndiyo iliyokuwa mshahara.
Moja tu, mwanangu, na birika zima limeharibika,
na mnywaji hajui kakosewa wapi."

Nikamwambia tisa.
Akazihesabu kwa vidole, kimoja kikabaki.
Akakitazama kile.

Kisha dripu. Nywele kwenye mto.
Kucha zikageuka rangi ya maganda ya kahawa.
Ndizi za mtori zikanuka chuma.
Juni, mbili.
Picha ya mashine kubwa ilikuwa bado haijaona tofauti;
damu ilitangulia kusema, na Daktari Mlaki
akaitikia kwa kichwa, hakubadili dawa.

Leo, Septemba, nimepitisha jicho sahani nzima,
kushoto kwenda kulia, kama anayesoma barua ya deni.
Sikuona hata moja.

Ningependa kumpa neno hilo likiwa jepesi,
ila kazi yangu hainipi ruhusa.
Nikamwambia: Mama, sifuri yangu ni ya kichupa.
Wewe una lita nne na zaidi, na mifupa, na vichochoro
ambako seli inaweza kulala miaka bila kukoroma.
Sikuziona. Sijasema hazipo.

Nilidhani atalia. Akacheka,
cheko la mtu aliyemkuta mwizi wa zamani kanisani.
"Hata sisi tuliandika *safi* kwenye gunia
tukijua huko Ulaya kuna mtu mmoja
asubuhi moja
atakutana nayo."

Akafunga vifungo vya sweta, kimoja hakina tundu lake.
Mlangoni akageuka:
"Sahani tulikuwa tunaipitia mara mbili.
Ya pili, ukianzia upande mwingine."

Nimezima taa ya chumba tena.
Naanzia kulia.